Mkono ufupishe, msomaji asifupishiwe: Violezo vya wanaprogramu na ngeli zetu

Kijana mmoja wa Kathonzweni, kaunti ya Makueni, ambaye anajifunza kuandika programu za tarakilishi, ameniuliza maswali matatu kwa mpigo. La kwanza, vile vijipande vya msimbo ambavyo mwanaprogramu huviita kwa herufi mbili tatu vikajiandika vyenyewe, tuviiteje kwa Kiswahili? La pili, kuvitumia si uvivu kama ule wa wenzake wanaoandika “xaxa” badala ya “sasa”? La tatu, na nashuku hili ndilo lililomsukuma kuniandikia: kwa nini herufi ĩ na ũ za Kikamba humchosha vidole kuliko msimbo wenyewe?

Ni maswali ya tarakilishi kwa sura, lakini ukiyakwangua kidogo unakutana na isimu. Ndiyo maana nayaleta katika ukumbi huu wa lugha.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kuisogelea. Msimbo wa programu ni maandishi, tena maandishi yanayofanana sana na barua rasmi. Barua rasmi ina maneno machache mapya yaliyozungukwa na maneno mengi ya mazoea: anwani, tarehe, “Kwa Bwana au Bi,” kisha KUH au MINT kwetu Kenya, YAH kwa wenzetu wa Tanzania, na mwisho “Wako mwaminifu”. Kilicho chako hasa humo ndani pengine ni sentensi nne. Msimbo ni hivyo hivyo. Katika Java, mathalani, lugha ya programu ambayo hufundishwa sana vyuoni, mtu akitaka tarakilishi ichapishe neno moja tu kwenye skrini, lazima kwanza aandike “System.out.println();”. Hesabu mwenyewe: herufi na alama 21 kabla hujasema lako. Sasa fikiria unafanya hivyo mara hamsini kwa siku, na ukikosea nukta moja programu inakataa katakata.

Wanaprogramu si watu wa kuvumilia adha ya namna hiyo. Katika vihariri kama IntelliJ IDEA, unaandika “sout”, unabonyeza kitufe cha Tab (nisikiite kitufe cha tabu, nitakuwa nakionea), na zile alama 21 zinajipanga zenyewe, kishale kikiwa kimeshasimama ndani ya mabano kikikusubiri. Vibonyezo vitano vimefanya kazi ya ishirini na kimoja.

Hapo ndipo linapoingia swali la jina. Wapo wanaosema “kijisimbo”, yaani msimbo mdogo. Silikatai, ila halielezi kazi inayofanywa. Napendelea neno tulilo nalo siku nyingi: kiolezo. Linatokana na kitenzi kuoleza, kufuatisha mfano. Fundi ana kiolezo, mshonaji ana kiolezo, na tangu Kiswahili kianze kuingizwa katika programu za ofisini neno hilo limekuwa likisogezwa sogezwa upande wa tarakilishi. Itakumbukwa kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilizungumza Kiswahili. Kazi ile ilitufunza jambo moja: istilahi ikibuniwa kwenye semina pekee hufia huko huko, lakini ikibandikwa kwenye kitufe ambacho watu hukibonyeza kila siku, huishi.

Basi tukubaliane hivi kwa leo. Kile kipande kizima ni kiolezo. Zile herufi chache zinazokiita, kama “sout”, ni kichocheo. Mahali palipoachwa wazi ili mwandishi ajaze ni pengo. Na kuna kitu cha nne ambacho nitakiita mwangwi. Hicho ndicho kinachonisisimua mimi kama mwanaisimu, kwa hiyo nipe nafasi nikieleze taratibu.

Chukua kitanzi, yaani agizo la kurudia jambo mara kadhaa. Katika lugha nyingi za programu kitanzi huwa na kihesabio, na jina la kihesabio hicho hutokea mara tatu katika mstari mmoja: “for (int i = 0; i < 10; i++)”. Ile “i” imejitokeza mara tatu. Ukiamua kuiita “siku” badala ya “i”, lazima ubadilishe mahali pote patatu. Ukisahau pamoja, programu inakwama, au mbaya zaidi, inaendelea ikitoa majibu ya uongo. Kiolezo kizuri hulitatua hilo kwa mwangwi. Unaandika “siku” kwenye pengo la kwanza, na papo hapo mapengo mengine mawili yanaitikia “siku”, “siku”. Ukibonyeza Tab tena, kishale kinarukia pengo linalofuata, lile la idadi ya marudio. Mtindo huu ulienezwa na kihariri kiitwacho TextMate, kilichotolewa mwaka 2004, na leo vihariri vingi, kikiwemo Visual Studio Code, vinaufuata kwa alama zile zile: $1 kwa pengo la kwanza, $2 kwa la pili, na $0 kwa mahali ambapo kishale kitaishia.

Kuna na njia nyingine za mkato ambazo sitakaa nazo sana. Emmet, iliyozaliwa kwa jina la Zen Coding, huchukua “ul>li*5” ikakupa orodha nzima ya ukurasa wa mtandao yenye vipengele vitano, imefunguliwa na kufungwa inavyopaswa. Na kuna kurekodi: unaiamuru tarakilishi ikutazame ukifanya kazi mara moja, kisha unaiambia irudie. Ukiwa na majina ya kaunti zetu 47, kila moja kwenye mstari wake, na unataka kila jina liwekewe alama za kunukuu na mkato, unalifanyia hilo jina la kwanza huku ukirekodi, halafu unaagiza mara 46. Sekunde moja, kazi imekwisha.

Hiyo ya kurekodi ni sifa mojawapo ya Vim, na hapa nataka niingize habari ambayo wengi wetu Afrika Mashariki hatuijui, ilhali inatuhusu moja kwa moja.

Vim ni kihariri kilichoandikwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Chimbuko lake ni kihariri cha zamani zaidi, vi, ambacho Bill Joy alikianza mwaka 1976, mwaka ule ule ulioona kuzaliwa kwa Emacs, mpinzani wake wa jadi. Ukifungua Vim bila kutaja faili yoyote, skrini tupu inakukaribisha kwa mistari michache, na mmojawapo unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Kwa miaka na mikaka, wanaprogramu wa Tokyo, São Paulo na Chicago wameona jina la Uganda kila asubuhi kabla hawajaandika neno. Wengi wamedhani ni mzaha.

Si mzaha. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi Kibaale, mji mdogo wa Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Msomaji asiichanganye na ile Kibaale nyingine, wilaya iliyo magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Rakai ya wakati huo ndiko kulikokuwa na Kasensero, kijiji cha wavuvi ufuoni mwa Ziwa Victoria ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1982. Ugonjwa ulipofagia wazazi, watoto walibaki. Moolenaar alisaidia kupanua kituo cha watoto cha Kibaale na akashughulikia maji na usafi wa mazingira. Aliporudi kwao akaanzisha wakfu wa ICCF Holland wa kukichangia kituo hicho. Vim yenyewe hutolewa bure, lakini anayeipenda anaombwa akumbuke Kibaale. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Nao wafadhili wa Kanada wanaowalipia karo watoto hao hupitia shirika liitwalo Kuwasha. Ndiyo, Kuwasha, kitenzi chetu kabisa. Natumai waliolichagua walikuwa na taa akilini, si upupu.

Nimesimulia haya kwa sababu vijana wetu hudhani zana za usimbaji ni mali ya watu wa mbali, na kwamba sisi ni wageni wa kukaribishwa mlangoni. Zana mojawapo maarufu kuliko zote imefungamana na kijiji kilicho katika Afrika Mashariki yetu.

Turudi kwa uvivu. Je, anayeandika “sout” na anayeandika “xaxa”, “cjui” au “2ko” wana tofauti gani? Wote wanafupisha, si ndiyo? La hasha. Tazama ni nani anayebeba mzigo. Anayeandika “cjui” ameokoa kibonyezo kimoja chake na akamtwika msomaji kazi ya kufumbua. Anayeandika “sout” amemtwika mzigo huo mashine, na msomaji anapata maandishi kamili, yasiyopungua hata nukta. Huu ni ufupisho wa mkono. Ule wa kwanza ni ufupisho wa jicho, na jicho si la mwandishi.

Tofauti hii si mpya. Hati mkato ya Isaac Pitman ilichapishwa mwaka 1837, na makatibu mahsusi wengi wa ofisi za Kenya waliisomea. Katibu alichora vistari na nukta huku mkubwa wake akinena. Kisha akaketi kwenye taipu akatoa barua nzima yenye maneno kamili. Hakuna aliyepokea barua yenye vistari. Vifupisho vilibaki kwenye daftari la katibu, lugha ikaenda kwa msomaji. Kiolezo cha tarakilishi kimefanya hatua mbili zile kuwa moja.

Kwa hiyo namwambia mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye amezoea “cjui” kwenye simu: mtahini wa Insha hana kitufe cha Tab cha kuyafumbua maneno yako. Ukitaka mkato, simu yako yenyewe ina mahali pa kuweka vifupisho binafsi. Iambie kwamba “sj” ni “sijui”, uandike herufi mbili, na rafiki yako asome tano.

Kuhusu mapokeo ya violezo katika lugha yetu, hata sitaki kuanza, maana sitamaliza. Barua za Waswahili wa karne ya 19, zile zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, baadhi zikachapishwa na Büttner mwaka 1892, zilikuwa na ufunguzi uliokaribia kufanana barua hadi barua: sifa za mwandikiwa, dua, kisha “wa baada”, ndipo habari yenyewe ije. Sijasikia mtu akiwaita wale waungwana wavivu. Ufunguzi wa mazoea ulimpa msomaji muda wa kujiweka sawa, na ulimwonyesha habari inaanzia wapi.

Uvivu upo, lakini uko kwingine. Uko kwa mtu anayekimwaga kiolezo bila kujua kila sehemu yake inafanya nini, au anayesahau kujaza mapengo. Sote tumewahi kupokea barua ya maombi ya kazi ambamo jina la kampuni ni la kampuni nyingine. Upo pia kwa mwanaprogramu anayetumia kiolezo kunakili mistari kumi ile ile mahali ishirini, badala ya kuiandika mara moja kama fanksheni na kuiita kila inapohitajika. Andrew Hunt na David Thomas waliliwekea jambo hili kanuni katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, na kwa Kiswahili kanuni hiyo ni neno moja: usijirudie. Kipimo changu ni hiki: kinachorudiwa kikiwa ni umbo tu, mabano na maneno ya lazima, tumia kiolezo. Kikiwa ni fikra, hesabu ya kodi kwa mfano, andika fanksheni, maana siku kodi ikibadilika hutaki kutafuta mahali ishirini.

Sasa nije kwenye mwangwi, ambako nimekuwa nikitaka kufika tangu mwanzo.

Mwangwi wa kitanzi ni upatanisho wa kisarufi. Soma sentensi hii: “Kitabu kile kizuri kimepotea.” KI imejitokeza mara nne. Igeuze iwe wingi: “Vitabu vile vizuri vimepotea.” Umebadilisha kitu kimoja, mahali pane pakaitikia. Mwanaprogramu angeitengenezea kiolezo chenye pengo moja na miangwi mitatu, akajaza KI au VI, akaenda zake. Walimu wetu wa Kenya wamelijua hilo bila kulitaja hivyo: jina lenyewe la ngeli, KI-VI, A-WA, LI-YA, U-I, I-ZI, ni orodha ya vitu vinavyojazwa kwenye pengo la kitenzi. Mtindo wa nambari ulioenezwa na wataalamu wa Kibantu tangu Wilhelm Bleek katika karne ya 19 una faida zake kwa anayelinganisha lugha, ila haumwambii mwanafunzi ajaze nini. Jina la KI-VI linamwambia.

Lakini ongeza neno moja tu: “Kitabu changu kile kizuri kimepotea.” Mwangwi wetu umevunjika. Si “kiangu”, ni “changu”. Wingi si “viangu”, ni “vyangu”. KI ikikutana na irabu hugeuka CH, na VI hugeuka VY: cheusi, vyeusi, chakula, vyakula, chumba, vyumba. Mwanaprogramu hatatishika, kwa kuwa vihariri vya leo huruhusu mwangwi wenye masharti: itikia KI, ila mbele ya irabu itikia CH. Vizuri. Kisha anakutana na “kiatu”. Kiatu, viatu, wala si “chatu”; chatu ni nyoka, na kukosea hapo kuna gharama. Sheria ya sauti ina wakaidi wake, na wakaidi hao lazima waorodheshwe mmoja mmoja.

Halafu jaribu ngeli ya A-WA. “Mtoto yule mzuri amepotea.” Vipande vinne, na maumbo matatu: M, YU, M, A. Wingi unarudi kwenye adabu, “watoto wale wazuri wamepotea”, WA mara nne. I-ZI nayo? “Nyumba ile nzuri imeuzwa”, “nyumba zile nzuri zimeuzwa.” Nomino haikubadilika, sifa haikubadilika, kionyeshi na kitenzi vimebadilika. Hapa mwangwi hautoshi tena. Panahitajika jedwali: safu moja ya viambishi vya nomino na sifa, nyingine ya vionyeshi na vimilikishi, nyingine ya vitenzi. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wa uzamili kwamba anayetaka kujua kama anaielewa ngeli fulani ajaribu kuiandikia kiolezo. Mashine haina huruma ya kukisia ulichotaka kusema.

Msomaji asidhani haya ni ya darasani tu. Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, Mkenya wa kawaida husoma violezo kila siku: jina fulani, kiasi fulani, tarehe fulani, vimejazwa katika sentensi iliyoandikwa zamani. Kiasi cha fedha kikiwa ndicho pekee kinachobadilika, mambo huenda sawa. Shida huanza pale mtu anapochukua kiolezo cha Kiingereza chenye pengo la nomino, akakifasiri neno kwa neno, akaweka kitenzi kimoja kwa nomino zote. Ndipo programu inapokuambia “mtumiaji limeondolewa” au “kitabu 3 imeongezwa”. Kwa Kiingereza kitenzi hakijali kama kilichoondolewa ni mtu, kitabu au jiwe. Kwetu kinajali, tena sana. Wanaofasiri programu wana utaratibu wa kuwekea umoja na wingi sentensi mbili tofauti, na hilo linasaidia nusu ya njia, kwani linatatua idadi bali halitatui ngeli. Dawa ya kweli ni kumwachia kila nomino sentensi yake. Dawa ya haraka ni kuikwepa sentensi: “Vitabu vilivyoongezwa: 3.” Haina uzuri, lakini haitukani sarufi.

Na Kikamba? Hapa nahitaji kumwelewa vizuri yule kijana wa Kathonzweni, kwa maana anaishi ndani ya tatizo lake. Hata jina la mji wake lina kiambishi cha mahali ambacho Kikamba na Kiswahili wanakichangia, lakini Kikamba hukiandika -nĩ: Kathonzwenĩ, Makuenĩ. Kiswahili kina irabu tano. Kikamba kina saba, na hizo mbili za ziada, ĩ na ũ, si mapambo. Mũndũ ni mtu, kĩndũ ni kitu, mũeni ni mgeni, mũsyĩ ni nyumbani. Ukiviondoa viwimbi hivyo umeiondolea lugha irabu mbili kati ya saba, na anayeisoma anabaki kukisia. Wakikuyu, Waembu na Wameru wana herufi hizo hizo na taabu hiyo hiyo.

Kibodi tunazouziwa hazina vitufe hivyo. Hata ule mpangilio uitwao wa kimataifa, wa Kimarekani, katika Windows, hukubali kuweka kiwimbi juu ya a, n na o, maana ulifikiria Kihispania na Kireno. Ukikipeleka juu ya i au u kinakataa. Miaka ya nyuma, anayeandika ukurasa wa mtandao alilazimika kuandika “&#297;”, alama sita kwa irabu moja. Siku hizi hatuhitaji hilo, kwa kuwa herufi zenyewe zimo katika orodha ya Unicode: ĩ ina nambari 0129, ũ ina 0169, na herufi kubwa zake ni 0128 na 0168. Kivietinamu nacho huzitumia, ila kwake kiwimbi ni alama ya toni.

Vim ina njia ya mkato kwa hili: ukiwa unaandika, bonyeza Ctrl na K kwa pamoja, kisha i, kisha alama ya kuuliza, upate ĩ. Kwa u fanya vivyo hivyo. Vibonyezo vitatu ni nafuu, lakini Mkamba anayeandika kurasa tatu bado atachoka. Afadhali kichocheo chake mwenyewe.

Kichocheo gani? Hapa kuna funzo zuri la mgawanyo wa sauti. Wa kwanza atasema: rudia irabu, “ii” iwe ĩ, “uu” iwe ũ. Haifai. Kiswahili kina hii, huu na mguu, na Kikamba kina irabu ndefu zinazoandikwa maradufu; Kikuumini si mbali na Kathonzweni, ingeharibika kila ikiandikwa. Kichocheo lazima kiwe mfuatano ambao lugha yenyewe haiutumii kamwe. Herufi x haimo katika Kikamba wala katika Kiswahili sanifu. Basi “xi” iwe ĩ, “xu” iwe ũ. “Mxundxu” inakuwa mũndũ. Kiingereza kitalalamika kwa sababu ya “taxi” na “maximum”, na ndugu zetu wa “xaxa” wameshaivamia x, lakini vihariri vingi hukuruhusu kufunga vichocheo kwa aina ya faili. Viwashe unapoandika Kikamba, vizime unapoandika Kiingereza.

Hoja hiyo hiyo inamsaidia anayetaka vichocheo vya Kiswahili kwa ajili ya msimbo. Hakuna aliyesema kichocheo lazima kiwe Kiingereza. “Rudia” inaweza kuita kitanzi, “kama” ikaita sharti, “jaribu” ikaita kile kipande cha kushughulikia makosa. Mtaala wa usimbaji ulioidhinishwa na KICD mwaka 2022 unawafikia watoto ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu, na kichocheo cha Kiswahili kinawawezesha kukumbuka kazi kabla ya kukumbuka neno geni. Ila “kama” ni neno la kawaida. Ukiliandika ndani ya maelezo yako litalipuka bila kuombwa. Rudufisha konsonanti: “kkama”, “rrudia”, “jjaribu”. Maneno yetu ya kawaida hayarudufishi konsonanti hivyo, kwa hiyo vichocheo hivi havitagongana na neno lolote utakaloandika kwa Kiswahili.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na kichocheo kimoja cha ĩ, nayo ni nzito kuliko uchovu wa vidole. Unicode inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja, 0129, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea, nambari 0303. Kwa jicho hazina tofauti yoyote. Kwa tarakilishi ni maandishi mawili tofauti, isipokuwa mwanaprogramu ameiagiza izilinganishe. Mtu akiandikishwa kwenye sajili kwa njia ya kwanza, na karani mwingine akamtafuta kwa njia ya pili, tarakilishi itajibu kwamba mtu huyo hayupo. Na wa tatu aliyeandika jina bila kiwimbi atapata jibu la tatu. Karani anayebonyeza “xi” hutoa 0129 kila mara, leo na mwakani, na mwenzake wa dawati la pili vilevile, mradi wanatumia faili moja ya violezo. Faili hiyo ni maandishi matupu ya mistari michache; inatumika bila intaneti, inaingia kwenye flashi, na kijana wa Kathonzweni anaweza kuibeba mfukoni hadi Wote akaiweka kwenye mashine yoyote atakayoikalia.